Maswali ya Wasomaji: Thamostati Mpya Isiyofunguka Kwenye Maji Yanayochemka

SWALI: Nina BMW 525i ya 2001, ile ya umbo la E39. Mshale wa joto unakaa katikati kama kawaida, lakini taa ya injini imewaka na mashine ya kupimia ikasoma namba ya hitilafu P0128. Asubuhi hita haitoi joto la maana, na mafuta yanakwenda kuliko zamani. Nimenunua thamostati mpya, ule mlango unaoachia maji ya injini yaende kwenye rejeta yakishapata joto. Kabla ya kuifunga niliitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika kumi, haikufunguka hata kidogo. Muuzaji amekataa kuirudisha. Nimeuziwa mbovu? Na kama ni nzima, niifungeje? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Usigombane na muuzaji kwanza. Tazama namba iliyogongwa kwenye thamostati yenyewe: kwa injini yako, M54, inatakiwa iwe 97. Hilo ndilo joto, kwa nyuzi za Selsiasi, ambalo inaanza kufunguka. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka yakifika kama nyuzi 94. Uyachemshe kutwa nzima, hayapandi zaidi ya hapo. Thamostati yako ilikaa kwenye maji ambayo hayajafikia joto lake, ikabaki imefunga, na ndivyo inavyopaswa. Hata Mombasa, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100, ungeona ufa mwembamba tu, kwa sababu kufunguka kabisa kunahitaji nyuzi kumi na zaidi juu ya ile namba. Ndani ya injini mambo ni mengine: maji yamechanganywa na kulanti (dawa ya rejeta) na yamebanwa kwa presha, kwa hiyo yanapita 97 bila kuchemka.

Ukitaka kuipima kwa uhakika, tumia mchanganyiko wa nusu kulanti, nusu maji. Kwa Nairobi huo unapita nyuzi 100 kabla ya kuchemka. Fanyia nje, kwenye kopo kuukuu ambalo halitarudi jikoni, maana kulanti ni sumu. Ning'iniza thamostati kwa waya isiguse chini ya kopo, na uweke kipimajoto kando yake. Wapo wanaopimia kwenye mafuta ya kupikia. Mafuta huvimbisha mpira wa sili, na sili ikishavimba haikai tena kwenye mfereji wake.

Ile ya zamani ni rahisi zaidi kuihukumu. Ikiwa baridi, iinue kuelekea mwanga. Ukiona mwanga unapenya pembeni ya mlango, imekwama wazi na ndiyo mkosaji wako. P0128 maana yake ni kwamba injini haikufikia joto lake kwa muda uliotarajiwa. Usiutegemee mshale wa dashibodi kwa jambo hili: kwenye E39 umetengenezwa usimame katikati tangu takriban nyuzi 75 hadi karibu 110. Injini inaweza kukimbia kwa nyuzi 76 mwaka mzima, ikila mafuta, na mshale ukakuambia kila kitu ni salama. Soma joto halisi kwenye mashine ya kupimia.

Kuhusu uchaguzi, gari lako halitumii thamostati tupu. Inakuja pamoja na hauzingi yake (ganda lake) ya plastiki, ikiwa na plagi ya umeme. Injini inapofanya kazi nzito, kompyuta hupeleka umeme kuipasha nta iliyo ndani, ambayo ikipata moto huvimba na kusukuma mlango, na thamostati hufunguka mapema kuliko 97. Kwa hiyo usikubali ya namba ya chini "kwa sababu ya joto la kwetu", wala isiyo na plagi. Mpe muuzaji tarakimu na herufi saba za mwisho za namba ya chesi atafute kwa hiyo. Wahler na Behr ni watengenezaji wa kuaminika. Hakikisha sili mpya imo ndani ya boksi.

Anza kazi injini ikiwa baridi kabisa. Mwaga maji kwa kizibo cha plastiki kilicho chini ya rejeta. Nati ya feni ni ya spana 32 na uzi wake ni wa kinyume: ukiitazama kutoka mbele ya gari, inalegea ukizungusha kuelekea kulia. Hapo ndipo wengi wanakaza wakidhani wanafungua. Ondoa feni na kava lake, chomoa plagi na mipira ya maji, kisha fungua bolti za spana 10 zinazoshika hauzingi, pamoja na kile kipande cha chuma cha kunyanyulia injini. Futa uso wa aluminiamu kwa kitambaa na kipande cha mbao au plastiki. Bisibisi huacha mkwaruzo, na mkwaruzo ndio njia ya maji. Usipake silikoni. Anza bolti zote kwa vidole, kisha kaza kwa kupishanisha hadi nyutoni mita 10, ambayo ni kukaza kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Plastiki iliyokazwa kupita kiasi haivuji siku hiyo. Inapasuka baada ya wiki kadhaa, ukiwa njiani.

Sasa kutoa hewa, na hapa ndipo kazi nzuri inapoharibika. Andaa lita 10 za mchanganyiko: 5 za kulanti na 5 za maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri (si asidi). Washa swichi bila kuwasha injini, weka hita kwenye joto la juu kabisa na upepo wa chini kabisa, ili maji yapite pia kwenye rejeta ya hita. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo karibu na mfuniko wa tangi la maji, kisha mimina polepole. Skrubuni yatatoka mapovu, yatatema, yatatoka tena. Endelea mpaka yatoke maji matupu yasiyokatika, ndipo uifunge kwa upole, kwani nayo ni ya plastiki. Zungusha gari, liache lipoe usiku kucha, ongeza palipopungua.

Kama wota pampu na tangi ni vya tangu gari litoke kiwandani, vibadilishe siku hiyo hiyo. Feni na maji vimeshatoka, na plastiki ya umri huo imekwisha.

SWALI: Fundi anataka kuitoa kabisa thamostati kwenye Mercedes 250D yangu (W124), anasema Tanzania ni nchi ya joto. Nimruhusu? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Hapana. Thamostati hiyo ina sahani mbili. Moja inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Nyingine, wakati huo huo, inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Mjini hutaona kitu. Kwenye mlima Kitonga, umepakia na unapanda kwa gia ya chini, mshale utapanda, na fundi atalaumu silinda hedi. Gari likichemka na thamostati ni nzima, kagua uchafu kati ya mapezi ya rejeta, kilachi ya feni na mfuniko wa tangi.

SWALI: Kwenye Toyota Crown yenye injini ya 1JZ-GE, kale kapini kanakochezacheza kwenye ukingo wa thamostati kanakaa upande gani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Juu. Kapo ili hewa iliyonaswa ipenye wakati wa kujaza maji. Kakielekea chini, povu linabaki limezunguka nta, nta haiguswi na maji ya moto, na mlango unachelewa: mshale unapanda ghafla kisha unashuka. Chagua ya nyuzi 82, vika sili mpya kuzunguka ukingo wake, na jaribu kapini kwa kidole kabla ya kufunga. Kakigoma kucheza, irudishe dukani.