Ina Vipande Vingapi? Uliza Kabla Hujaanza

Barua za wiki hii karibu zote zinalia kilio kimoja: nimeanza tamthilia au kitabu, sijui nitamaliza lini. Nimechambua chache. Mnaouliza kila wiki kama Scofield wa Prison Break alikufa kweli, jibu liko humu, na safari hii mlikate mlibandike ukutani.

Shikamoo. Kwenye tamthilia ya Sultan, Hurrem aliondoka na sura moja akarudi na nyingine. Yule wa kwanza alifariki? (Mama wa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani)

Marahaba, mama. Hakufariki. Mwigizaji wake, Meryem Uzerli, aliacha kazi mwaka 2013, msimu wa tatu ukielekea ukingoni. Msimu wa nne akaingia Vahide Perçin, mtu mzima zaidi, na hilo lilifaa kwa sababu Hurrem mwenyewe alishazeeka katika hadithi. Kule Uturuki ilirushwa kuanzia 2011 hadi 2014, vipande 139, ikaisha. Ukiuziwa "Sultan mpya, muendelezo wa Hurrem", rudisha, udai hela yako.

Nina flashi mbili za Ertuğrul. Moja ina vipande 150, nyingine 448. Aliyeniuzia ya pili anasema ile ya kwanza imekatwa. Mkweli nani? (Kijana wa Chumbageni)

Mzigo ni ule ule, umefungwa mafungu tofauti. Kipande cha tamthilia ya Kituruki kwao ni kama saa mbili. Huonyeshwa kimoja kwa wiki, na stesheni hupenda kiwe kirefu ili usiku mzima uwe wa tamthilia moja na matangazo yake. Kikiuzwa nje hakuna stesheni yenye nafasi ya saa mbili kila siku, kwa hiyo hukatwa vitatu.

Misimu mitano ya Ertuğrul, iliyorushwa 2014 hadi 2019, kwa hesabu ya Uturuki ina vipande 26, 35, 30, 30 na 29. Jumla 150. Kwa hesabu ya Netflix ni 76, 103, 91, 90 na 88. Jumla 448. Kwa hiyo mwenzako akikwambia amefika cha 40 cha Kituruki, wewe mwenye 448 tafuta kwenye 120 hivi. Zidisha kwa tatu, utakosea kidogo tu.

Namba isikutishe, tazama urefu. Fungua vipande viwili vitatu usome dakika. Mia moja na hamsini vya saa mbili ni kamili. Mia nne arobaini na nane vya dakika 40 hivi ni kamili. Mia moja na hamsini vya dakika 40 ni theluthi moja ya hadithi, na wapo wengi hapa mjini wanaoamini wameimaliza Ertuğrul kumbe wameishia msimu wa pili. Kabla hujatoka dukani fungua kipande cha mwisho cha kila msimu, si cha kwanza. Cha kwanza huwa kizima siku zote.

Waandishi wa tenzi wa mwambao huu walijua ugonjwa huu. Kazi zao zilinakiliwa kwa mkono, na anayenakili huchoka. Ndiyo maana tenzi nyingi hufungwa na beti za tamati: mtunzi anajitaja, anaomba dua, na wengine wanataja hata idadi ya beti, ili anayenakili asipunguze na msomaji apate pa kuhesabia. Muuza flashi hana ubeti wa tamati. Hesabu mwenyewe.

Na jambo moja ambalo hukuliuliza: kwenye toleo la kukatwa, kipande huishia popote mkasi ulipoangukia. Upanga uko juu, picha inaganda, na wewe unamsifu mwandishi kwa kukuacha roho juu. Mwandishi hayumo. Hata ile ya Kihispania ya wezi wenye vinyago, La Casa de Papel, ilianza kwao na vipande 15 virefu, Netflix ikavikata vikawa 22.

Nikiweka tamthilia kwenye TV, baada ya kipande cha 1 kinakuja cha 10, halafu 11, halafu 2. Vingine vina picha bila sauti. Flashi mbovu? (Fundi baiskeli, Mabanda ya Papa)

Flashi haina kosa. TV nyingi hupanga majina kwa kufuata tarakimu ya kwanza, kwa hiyo 10 inaitangulia 2. Badilisha majina kwenye kompyuta: 01, 02, 03. Kama vipande vinapita mia, andika 001, 002. Usiandike "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho wa kweli". Nimeyaona yote matatu kwenye picha uliyotuma.

Picha bila sauti: TV haielewi aina ya sauti iliyomo, mara nyingi DTS. Faili likicheza vizuri kwenye simu au kompyuta kwa programu ya VLC, basi ni zima. Mwambie aliyekupa abadilishe sauti tu iwe AAC, picha aiache ilivyo. Itamchukua muda mfupi. Akikwambia lazima aanze upya na ulipe tena, hajui kazi. Sauti bila picha, au picha inayokwama-kwama, mara nyingi ni picha iliyobanwa kwa mtindo wa H.265 kwenye TV ya zamani. Omba ya H.264, na ujue faili litakuwa kubwa zaidi.

Flashi kukataa faili moja kubwa ingawa nafasi ipo: imepangwa ("format") kwa FAT32, na FAT32 haipokei faili la GB 4 na kuendelea. Ukiipanga kwa exFAT itapokea, lakini TV za zamani nyingi hazisomi exFAT. Mwenye TV ya zamani abaki na FAT32 na vipande vidogo. Ertuğrul ya 448, kila kimoja kikiwa MB 200, inafika GB 90. Hizo ni flashi nne za GB 32, maana ya 32 haitoi 32 kamili. Andika namba za msimu juu yake kwa kalamu ya wino mzito kabla watoto hawajazichanganya.

Kitabu cha sita cha Game of Thrones kinatoka lini? (Wasomaji wanne tofauti)

Sijui, mtunzi naye hajasema, na anayekutajia mwezi anakuuzia maneno.

Hesabu zenyewe hizi. Cha kwanza 1996, cha pili 1998, cha tatu 2000, cha nne 2005, cha tano 2011. Tamthilia ilianza mwaka huo huo wa 2011, ikavipita vitabu njiani, ikaisha 2019. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kitabu cha tano yuko sekondari.

Kilichokwama kinaonekana kwenye vitabu vyenyewe. Baada ya cha tatu, George R. R. Martin alitaka hadithi iruke miaka mitano ili watoto wakue. Akaliacha wazo hilo. Ikabidi aandike miaka ambayo hakuipanga, maandishi yakafura, akayagawa kwa wahusika badala ya wakati. Ndiyo sababu mnaniandikia kuwa cha nne "hakina watu": Jon, Daenerys na Tyrion wako kwenye cha tano, na sehemu kubwa ya vitabu hivyo viwili inatokea wakati mmoja. Usikitupe cha nne ukidhani umeuziwa kibovu.

Ushauri: kama hupendi kuachwa kwenye mataa, usianze. Hakuna pa kushukia katikati. Mnaosema "nitaanza tu, kufikia mwisho kitakuwa kimetoka" mlisema hivyo hivyo 2012.

Mtunzi akifa bila kumaliza, mwingine anaruhusiwa kumalizia? (Mwalimu, Pangani)

Anaruhusiwa akipewa na warithi. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, haki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Ndani ya muda huo, kumalizia kazi ya mtu bila idhini ni wizi hata kama unampenda marehemu.

Kuruhusiwa ni jambo moja, kuweza ni jingine. Robert Jordan alianza kutoa mfululizo wa vitabu vya The Wheel of Time mwaka 1990 na akafariki 2007. Alipojua anaumwa aliacha maelezo na sehemu zilizoandikwa. Mkewe, aliyekuwa mhariri wake, akamchagua Brandon Sanderson, na vitabu vitatu vya kumalizia vikatoka 2009, 2010 na 2013. Jumla 14. Iliwezekana kwa kuwa karatasi zilikuwepo. Mwingereza Charles Dickens alifariki Juni 1870 akiwa ameandika sehemu sita kati ya kumi na mbili za riwaya ya Edwin Drood, bila kuacha ufunguo, na hadi leo watu wanabishana muuaji ni nani.

Umeuliza pia kama vitabu vya Shaaban Robert vilivyotoka baada ya yeye kufariki 1962 viliandikwa na mtu mwingine. Hapana! Kufikirika kilitoka 1967, Utubora Mkulima 1968, lakini ni miswada yake mwenyewe. Kuchelewa kuchapwa si kuachwa njiani, na mtu wa Tanga asingepaswa kuuliza hili.

Hapa ndipo watunzi wetu wa upelelezi wanastahili sifa wasizopewa. Mohammed Said Abdulla alimtumia Bwana Msa kitabu baada ya kitabu. Elvis Musiba alifanya hivyo kwa Willy Gamba, na Ben Mtobwa kwa Joram Kiango. Wote watatu wamekwenda mbele ya haki, na hakuna msomaji aliyeachwa ananing'inia, kwa sababu mpelelezi anaendelea lakini kesi inafungwa kwenye kitabu kile kile. Ukikosa kimoja hujapotea. Mnaoandika riwaya za mfululizo sasa hivi kwenye simu, sehemu ya 1 hadi ya 87 kisha kimya, mjifunze hapo.

Prison Break: Scofield si alikufa? Na msimu wa tatu mbona mfupi, nimeibiwa? (Wengi mno)

Alionyeshwa amekufa 2009. Stesheni ilimrudisha 2017 kwa vipande tisa. Msimu wa tatu una vipande 13 badala ya 22 kwa sababu waandishi wa Marekani waligoma kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008. Hujaibiwa.

Wiki tatu sasa mhusika yuko hospitalini hajazinduka. Mbona tamthilia za hapa kwetu zinavuta hivi? (Msomaji wa Dunda, Bagamoyo)

Kwa sababu unatazama aina isiyokusudiwa kuisha. Telenovela ya Meksiko ni ya kufungwa: vipande mia hadi mia mbili, arusi, adui anapata lake, kwaheri. Tamthilia ya kila siku ni ya kudumu, na kazi yake ni kujaza nusu saa. Isidingo ya Afrika Kusini ilianza 1998 ikafungwa Machi 2020, na haikufungwa kwa kuwa hadithi ilikwisha. Stesheni iliamua basi.

Mgonjwa asiyezinduka mara nyingi ni habari ya mwigizaji. Ana kazi nyingine, au mkataba unajadiliwa. Kitanda kimoja, chumba kimoja, hakuna maneno ya kukariri: hakuna kitu rahisi kupiga picha kama hicho. Alama nyingine zisome hivi. "Amesafiri" maana yake mlango uko wazi. Akizikwa na maiti hatukuiona, atarudi. Akirudi na sura nyingine, yule wa kwanza msahau.

Kuvuta nako kuna dalili. Muhtasari wa jana unaozidi dakika mbili. Wimbo mzima watu wawili wakitazamana. Na simu ile ambayo mpokeaji anarudia kila anachoambiwa: "Unasema gari limepinduka? Segera? Na mama alikuwemo?" Hizo ni dakika nne bila kumlipa mwigizaji wa upande wa pili.

Dawa: tazama Ijumaa na Jumatatu. Fundo hufungwa Ijumaa ili urudi, hufunguliwa Jumatatu. Katikati ya wiki pika.

Kupendwa nako huharibu. Jumong, ya kihistoria ya Kikorea, ilipangwa vipande 60, watu wakaipenda, ikafika 81, na anayeitazama kwa makini anaona mahali unga ulipoongezwa maji. Lakini siwaachii waandishi wetu. Wengi huanza bila kujua mwisho. Hapo kwenu Bagamoyo chuo cha sanaa kipo tangu 1981, sasa TaSUBa, na jukwaa linafundisha kitu ambacho kamera inasahaulisha: watu wamekaa kwenye viti, usiku unaingia, lazima uishe. Mwenye kuandika tamthilia aandike kipande cha mwisho kabla ya cha pili.

Kipande kimoja ni dada yake, kingine ni mkewe. Waandishi wamelewa? (Raskazone)

Unatazama iliyotafsiriwa na dijei. Dijei anatafsiri kwa kasi, na asipoelewa anatunga. Tafuta yenye maandishi ya chini uhakikishe kabla ya kutukana watu.

Naomba PDF ya…

Hapana. Nenda maktaba ya mkoa.

Nataka tamthilia nitakayoimaliza likizo hii. (Mwanafunzi, Muheza)

Ya Kikorea. Nyingi za kawaida zina vipande 16 vya saa moja hivi, msimu mmoja, zinafungwa. Viwili kila usiku, siku nane. Hizo ndizo za waja leo, waondoka leo. Angalia tu usije ukaangukia za kihistoria.

Usinifiche, Ibrahim Pasha anaishia wapi kwenye Sultan? (Ngamiani tena)

Alinyongwa 1536, kwa amri ya Sultan Suleiman.