Pampu ya lita 3,000, na bado samaki wanatweta alfajiri

SWALI: Habari za kazi, fundi. Niko Njiro, Arusha. Nina tangi la maji chumvi la sentimita 120 kwa 45, kimo 50, na tangi dogo la chini ndani ya kabati. Ndani kuna samaki klauni wawili na matumbawe laini machache. Pampu ya kurudisha maji juu kutoka tangi hilo la chini imeandikwa lita 3,000 kwa saa. Muuzaji alisema inatosha kwa sababu inazungusha tangi zima zaidi ya mara kumi. Lakini mchanga wa nyuma ya mawe umefunikwa na utando mwekundu, na alfajiri nawakuta samaki wako juu wanatweta. Pampu ya hewa huwa naizima usiku kwa sababu ya kelele. Ninunue pampu kubwa zaidi?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Hiyo uliyonayo iache ilipo. Kinachokosekana ni mkondo ndani ya tangi lenyewe, na hiyo si kazi ya pampu ya kurudisha maji.

Tuanze na zile lita 3,000. Zimepimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Kwako inayapandisha zaidi ya mita moja, tena kupitia viwiko vya bomba. Pima mwenyewe: elekeza mdomo wa bomba kwenye ndoo ya lita 10, hesabu sekunde mpaka ijae, kisha gawa 36,000 kwa sekunde hizo. Ikichukua sekunde 36, unapata lita 1,000 kwa saa. Ukiondoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, tangi lako lina maji lita 210 hivi, kwa hiyo hiyo ni kama mara tano kwa saa. Kwa kupitisha maji kwenye tangi la chini yachujwe, mara tatu hadi tano zinatosha kabisa. Ukizidisha, utavuna kelele na viputo tu.

Matumbawe laini yanataka maji yazunguke mara 15 hadi 20 kwa saa. Nunua pampu mbili za mawimbi, zile ndogo zenye feni zinazoshika kioo kwa sumaku, kila moja ya lita 2,000 kwa saa. Hizi hazipandishi maji, kwa hiyo namba ya kwenye boksi haiko mbali na ukweli. Bandika moja kila upande mfupi, karibu na kona ya nyuma, sentimita 10 hadi 15 chini ya uso wa maji. Zielekeze kioo cha mbele, mikondo igongane hapo katikati, na uziinue kidogo mpaka uso wa maji uwe na mikunjo unayoiona kutoka upande wa pili wa chumba. Usielekeze yoyote moja kwa moja kwenye tumbawe: nyama yake itachanika. Mchanga ukirushwa na kuacha kioo cha chini wazi, inua pampu zaidi kabla ya kuanza kulaumu ukubwa wake.

Huo uso wa maji uliotulia ndio unaowatesa samaki wako, kwa sababu oksijeni huingilia hapo. Usiku mwani na matumbawe havitengenezi oksijeni, vinaitumia, kwa hiyo kiwango cha chini kabisa hufikiwa kabla ya jua kuchomoza. Saa hizo ndizo wewe umezima pampu ya hewa. Isitoshe, Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji hapo hubeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko Tanga. Maji chumvi ya nyuzi 25 yakishiba pwani huwa na miligramu 6.7 hivi kwa lita. Kwako ni 5.7. Vitabu vingi vya ufugaji huu huchukulia kwamba msomaji yuko usawa wa bahari, kwa hiyo ushauri wao wa hewa uuongeze kidogo. Leo usiku acha pampu ya hewa iwake, kelele na zote. Ukishafunga za mawimbi, angalau moja isizimwe kamwe. Na kama una mfuniko wa kioo unaobana, weka wavu badala yake. Maji yatapungua haraka zaidi kwa mvuke. Jazia maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke.

Utando mwekundu ni bakteria wanaopenda maji yaliyolala na mabaki ya chakula. Unyonye kwa mpira mwembamba unapobadilisha maji, na upunguze chakula. Dawa za kuua bakteria ziache: utando ukifa na kuoza, unakula oksijeni ileile unayoihangaikia. Kisha tafuta kona iliyolala. Loweka chakula kikavu kwenye kikombe cha maji ya tangi mpaka kizame, kivute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukiachie taratibu nyuma ya mawe. Punje zikitua na kukaa dakika nzima bila kutikisika, mkondo haufiki hapo. Mara nyingi dawa ni kusogeza mawe yaachane na kioo cha nyuma kwa sentimita 5, wala si pampu ya tatu.

Kila miezi miwili au mitatu fungua pampu zote, toa feni na kijiti chake, loweka kwenye siki na maji ya vuguvugu nusu kwa nusu kwa saa moja, sugua kwa mswaki, suuza. Chokaa ikishika kijiti, pampu hunguruma na mkondo hupungua polepole bila wewe kugundua.

Kuhusu umeme kukatika: weka pampu ya hewa ya betri, ile inayojiwasha yenyewe. Pampu ikizimika, bomba la kurudisha maji hunyonya maji ya tangi na kuyashusha tangi la chini; basi litoboe tundu la milimita 5, sentimita 2 chini ya uso wa maji, ili maji yakishuka hapo bomba livute hewa na kuacha kunyonya. Tundu likizibwa na chumvi au konokono, maji yataendelea kushuka mpaka usawa wa mdomo wa bomba, na sakafu yako ndiyo itakayoyapokea. Tangi la chini liwe na nafasi ya lita 15 hivi. Chomoa plagi ya pampu mchana ukiwa umesimama hapo na kitambaa mkononi, utazame maji yanaishia wapi.