Maswali ya Sheria: Ushauri wa barazani

SWALI: Assalamu alaykum, Mheshimiwa Mhariri. Mimi ni wakili kijana, huu ni mwaka wangu wa pili tangu kuandikishwa, na nina ofisi ya chumba kimoja Chake Chake, Pemba. Kila nikitoka msikitini baada ya sala ya Alasiri huwakuta barazani watu wawili watatu wananisubiri na karatasi zao, na takriban wote ni jamaa au majirani ambao siwezi kuwatoza kitu. Mwezi uliopita nilimshauri ami yangu juu ya mgogoro wa mikarafuu. Wiki mbili baadaye mpinzani wake, ambaye nilisoma naye skuli, akaja ofisini kunipa kesi ile ile, tena na ada mkononi. Nilimkatalia, naye sasa anasema nimejitia maringo. Jee, nilikosea? Na vipi nitawatumikia watu wangu bila ya kufunga ofisi?

JIBU: Waalaykum salaam. Kumkatalia hukukosea. Ulikosea wiki mbili kabla yake, pale barazani, ulipoanza kusikiliza kisa kabla ya kujua mpinzani ni nani. Ushauri wa bure ni ushauri kamili, na tangu ami yako alipokueleza siri ya shauri lake, wewe ukawa umefungika naye katika jambo hilo, hata kama hakutoa senti moja. Kisiwani kwetu, ambako ukiwachukua watu kumi huwakosi wawili waliooleana au kuchangia babu, mtego huu utakunasa tena kama hukubadilisha mwendo. Mtu akikujia, swali lako la mwanzo liwe: “Jambo hili ni baina yako na nani?” Jibu liandike katika daftari, lile la kawaida la skuli linatosha: tarehe, jina lake, jina la mpinzani, na jambo lenyewe kwa mstari mmoja. Ukilikuta jina la mpinzani limo katika kurasa za nyuma, mzuie kwa adabu kabla hajafika mbali, umwelekeze kwa mwenzako.

Ama baraza lenyewe, usilihame, ila lifanye kuwa mahali pa kupanga miadi tu. Niliwahi kuletewa na mzee mmoja, Wete, karatasi iliyochanwa kwenye daftari na kukunjwa mara nne, wino umeanza kufifia, imeandikwa kwamba fulani amemuuzia fulani “mikarafuu saba”, na chini yake dole gumba la muuzaji. Mbele ya watu sita waliokuwa wakinywa kahawa nilimwambia yule mzee kuwa shamba ni lake. Usiku niliisoma tena nikaona kuwa hapana hata neno moja juu ya ardhi. Palitajwa miti tu, na kwetu mti na ardhi iliouotesha huweza kuwa na wenyewe wawili. Asubuhi ilinibidi nimfuate nyumbani kwake kuyafuta maneno yangu, lakini mji mzima ulikuwa umeshayasikia, na mpinzani wake alishakwenda kulalamika kwa sheha, mkuu wa shehia yao.

Karatasi za namna hiyo zinataka meza, mlango uliofungwa na muda wa kuuliza asili ya shamba. Likiwa ni mirathi ya Waislamu, mlango wake ni Mahakama ya Kadhi. Ukiwa ni mgogoro wa matumizi au mipaka ya ardhi, ni Mahakama ya Ardhi. Na likiwa ni la eka tatu zilizogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, lina masharti yake, kwa hivyo usikubali kuliandikia lolote kabla hujaiona hati. Mtu masikini akipelekwa mlango usio wake hupoteza nauli na miezi, na kwamba hukumtoza kitu hakumrudishii hata kimoja.

Kuhusu ofisi kufungwa, nitasema wazi: si kila jamaa ni masikini. Mwenye duka na gari atoe ada, tena aandikiwe stakabadhi, na asiye nacho umtengee siku moja ya wiki inayojulikana. Mkungu wa ndizi ukiletwa upokee kwa shukurani, lakini usiuhesabu kuwa malipo. Chukua mashauri machache ya bure unayoweza kuyafikisha mwisho, kwani wakili anayemwacha mteja kati kwa sababu halipwi amemdhuru kuliko aliyemkatalia mwanzo. Yaliyobaki yapeleke kwa waliojipanga kwa kazi hiyo: Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoasisiwa 1992 na kina marehemu Profesa Haroub Othman, kina ofisi hapo hapo Chake Chake, na Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar inawasaidia hasa wanawake na watoto. Nenda kajitolee huko pia. Utajifunza mengi kwa wasaidizi wa sheria wanaozijua shehia zao nyumba kwa nyumba.

SWALI: Kijana mmoja wa shehia yetu, Makunduchi, anayejiita msaidizi wa sheria, ameniomba shilingi 50,000 ili anisimamie mahakamani nidai matunzo ya wanangu. Jee, nimpe?

JIBU: Usimpe, bibi. Msaidizi wa sheria kazi yake ni kukuelimisha, kukusaidia kuandika maelezo yako na kukuelekeza panapohusika. Kukuwakilisha mahakamani ni kazi ya wakili. Msaada unaotolewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria Nambari 13 ya 2018 umewekwa kwa ajili ya wasio na uwezo, na hautozwi ada. Mwombe akuoneshe kitambulisho na jina la taasisi iliyomsajili. Akisita, mweleze sheha, kisha upeleke habari kwa idara ya Serikali inayosimamia msaada wa kisheria. Dai lako lenyewe lisingoje ugomvi huo uishe: chukua vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa au cha talaka, ulichonacho, na kama baba yao aliwahi kukutumia pesa kwa simu, usizifute zile risala.