Mbona mzee wa gazeti anamchafua Spider-Man?

SWALI: Anko shikamoo. Mimi na mdogo wangu tunabishana kila siku. Yeye anasema katuni za masupahiro zinawachora waandishi wa habari vibaya makusudi, kama yule mzee wa gazeti anayemchafua Spider-Man. Mimi namwambia mbona Superman mwenyewe ni mwandishi? Afu lingine, mbona wahalifu ni wezi wa benki na vichaa wa maski tu, mafisadi wako wapi? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na mafisadi maana hilo ndo linaniuma zaidi. Walikuwepo! Superman alipotoka mara ya kwanza mwaka 1938, ametungwa na vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, toleo la kwanza kabisa anamuokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo bila kosa, anamkomesha mwanaume anayempiga mkewe, afu anaenda Washington kufuatilia seneta mla njama. Toleo la tatu anajifanya mchimba mgodi, tajiri mwenye mgodi na wageni wake wa pati wananasa huko chini shimoni wakaonja wenyewe hatari ambayo wafanyakazi wao wanaishi nayo kila siku. Yaani mtu anasoma anajua kabisa mhalifu ni nani, na ana suti.

Sasa mwaka 1954 maseneta na wazazi Marekani walikuja juu kwamba vitabu hivi vinaharibu watoto, wachapishaji wakaogopa wakajiwekea kanuni wenyewe. Ilikuwa marufuku kumchora polisi, jaji au mkubwa wa serikali kwa namna ya kufanya watu wadharau mamlaka, na wema lazima ushinde kila hadithi. Ukishamtoa polisi mla rushwa na jaji aliyenunuliwa unabaki na nani? Mwizi wa benki na kichaa wa maski. Siyo kanuni peke yake, Superman alishaanza kupoozwa hata kabla, ila kanuni ndo zilifunga mlango, na mimi naona watoto wa kizazi kizima walifundishwa kwamba uhalifu ni sura mbaya mtaani na siyo saini ofisini. Zililegezwa 1971, mwaka uleule ambao Spider-Man alitoa hadithi ya madawa ya kulevya bila muhuri wa kuonyesha kwamba imefuata kanuni.

Tuje kwa mzee, J. Jonah Jameson wa Daily Bugle. Mwaka 1963 Spider-Man anamuokoa mtoto wake mwanaanga, na bado gazeti linamgeuzia kibao kwamba yeye ndo kahujumu chombo! Baadaye anatoa hela mtu abadilishwe kuwa Scorpion, mhalifu mwenye nguvu za ajabu, ili ampige Spider-Man. Huo siyo uandishi, na mdogo wako hapo yuko sahihi. Lakini muulize, picha za gazeti anapiga nani? Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man, anategesha kamera anajipiga mwenyewe akipigana afu anauza bila kumwambia mhariri. Mnamlaumu mzee tu wakati kijana naye anamficha msomaji jambo kubwa hivyo, na Clark Kent, ambaye ndiye Superman, anayeandika habari zake mwenyewe, ni yaleyale. Mimi nawapenda wote wawili ila hilo siwezi kulitetea.

Mwandishi ninayemheshimu kwenye katuni hizi hana nguvu yoyote, anaitwa Ben Urich, yuko Daily Bugle hiyohiyo. Kwenye hadithi ya supahiro Daredevil ya mwaka 1986 watu wa Kingpin, bosi wa wahalifu, wanamvunja vidole ili anyamaze, na ananyamaza kweli kwa muda, anaogopa, anatetemeka, mke wake yuko nyumbani. Afu anarudi kuandika. Na bosi anayemsukuma aandike ni Jameson huyohuyo. Mkiipata mpe mdogo wako asome kwanza, afu mniandikie.