Kibao cha parki kiseme yote
Kaka, unasema tukiandika kwenye bibao bya Kahuzi-Biega, parki ya sokwe (gorila) ya Kivu ya Kusini kule Kongo, kama Batwa, benyeji ba hilo pori, balifukuzwa mule, baturisti batakimbia. Batakimbia nini? Parki ilianza 1970, 1975 ikapanuliwa mpaka kama kilometa za mraba 6,000, batu bakatolewa mule pori bila kulipwa, na hiyo haiko siri tena ju uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ulitoka wazi 2024. Tena bageni ba kwanza balipelekwa kwa sokwe na nani, kama si Batwa benyewe? Juzi kwenye soko ya Miti, karibu na parki, nilikuta mzee Mtwa anauza bikapu, akanionyesha mlima kwa kidole, eti kaburi ya baba yake iko kule nyuma. Mistari tatu tu pembeni ya picha ya sokwe, itapunguza nini?