Meli za gurudumu zilipiga kazi kweli

Mkuu, umeuliza kama zile meli za mvuke za mtoni, zenye gurudumu kubwa la kupiga maji nyuma, ziliwahi kufanya kazi ya maana au zilikuwa za kutembeza watalii tu. Zilipiga kazi, tena nzito. Chukua Belle of Louisville ya Marekani.

Iliundwa Pittsburgh mwaka 1914, ikaitwa Idlewild. Ilianza kama kivuko katika mto Mississippi, kati ya Memphis na West Memphis, ikibeba abiria pamoja na pamba, mbao na nafaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilisukuma matishari (mashua bapa za mizigo) ya mafuta. Utalii ulikuwepo pia, lakini haukuwa kazi yake pekee.

Ninachokipenda zaidi ni ufundi wake. Sehemu yake iliyo chini ya maji ni futi 5 hivi tu, kwa hiyo hupita penye maji haba ambapo meli ya baharini ingekwama mchangani. Mvuke wa boila husukuma pistoni mbele na nyuma, nazo huvuta na kusukuma mikono mirefu inayozungusha gurudumu. Na kwa kuwa gurudumu liko nyuma, mwili wa meli hulikinga dhidi ya magogo yanayoelea.

Mwaka 1948 ilibadilishwa jina ikawa Avalon, ikazunguka mito mingi na kuchakaa vibaya. Mwaka 1962 ikapigwa mnada kwa dola 34,000. Moyo huniuma nikifikiria kwamba ingeweza kuishia kuwa chuma chakavu. Walioinunua ni serikali ya Jefferson, kaunti ya mji wa Louisville, wakaifufua, na mwaka uliofuata ikashindana mbio na Delta Queen, meli nyingine ya gurudumu.