Usiuze shamba kabla hujafika ustawi wa jamii

Wiki hii maswali karibu yote ni hela ya kansa, nawajibu hapa hapa.

Mama ana kansa ya shingo ya kizazi, kaandikiwa mionzi Ocean Road, hospitali ya kansa Dar. Tunataka kuuza heka moja ya parachichi, tuuze? (Tukuyu)

Mdogo wangu subiri kwanza. Nenda kwa mtendaji wa kijiji awaandikie barua kwamba hamna uwezo, alafu mkifika hospitali msikimbilie dirisha la malipo, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi, kule ndo msamaha wa malipo unaombewa, na wakiwahoji semeni ukweli wote hata ule wa aibu. Hawasamehi kila mtu wala kila kitu ila hata nusu ni hela. Sisi tunamuuguza baba hakuna aliyetuambia, tukauza ng'ombe wawili, habari ya barua tukaja kuisikia wiki ya nne, inaniuma mpaka leo.

Na hesabu zenu zisiishie kwenye matibabu. Mionzi mara nyingi ni siku 5 kwa wiki, wiki 5 au 6 hivi, kwenye mashine anakaa dakika chache tu anatoka, sasa Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800 hamuwezi kurudi kila Ijumaa, hela inaishia kwenye chumba, chakula, bajaji na huyo anayemuuguza ambaye genge lake limefungwa. Kama mna ndugu Mbagala mpigieni leo, msisubiri mpaka mko stendi.

CHF yangu (bima ya afya ya jamii) itanisaidia? (Makambako)

Kaka, ile iliyoboreshwa iliyokuwa 30,000 kwa kaya ya watu 6 ilikuwa inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Vipimo vya mwanzo sawa, ila kwa Ocean Road usiitegemee.

Kemo (dawa za kansa) lazima Dar? (Mbalizi)

Sio lazima, muulize daktari wako kama unaweza kupewa dawa hizo hapo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, utakuwa unalala kwako.

Mume wangu anasema kupima kansa ya shingo ya kizazi bila dalili ni kupoteza hela. (Mafinga)

Dada nenda tu. Kituo cha afya wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi wanaangalia kama pamegeuka weupe, mara nyingi hulipi kitu, na likikutwa doa la mwanzoni linatibiwa kabla halijawa kansa. Mabinti wa miaka 9 mpaka 14 chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta kansa hii, ni bure, kaulizie zahanati.